Viroboto Wangu wa Maji

Mimi niliishia darasa la nne, lakini waulize niliofanya nao kazi: katika maabara ile hakuna aliyejua kulea viroboto wa maji, vidudu vya majini vinavyorukaruka lakini haviumi mtu, kunishinda. Hata wenye digrii walikuja kuniuliza.

Niliingia pale miaka ya sabini nikiwa kibarua wa kufagia, natoka mtaani Laini Saba kwa miguu kila asubuhi. Daktari, mama mmoja mkali aliyewatumia viroboto hao kupima uchafu wa maji ya mito, alinionyesha kazi mara moja tu. Maji ya mfereji unayaacha wazi siku mbili ili dawa ya kuyasafisha itoke. Hamira, chakula chao, unakoroga kidogo. Ukizidisha, maji yananuka na umewaua. Nikashika. Akaniachia matangi yote ya kioo, akasema wakizaana vizuri mpaka mwisho wa mwezi ataniombea niandikwe kazi ya kudumu.

Kilichoniponza ni mdomo. Nilijisifu nyumbani kwamba nafuga viroboto, tena kwa maelfu. Jirani akamuuliza mke wangu kama mumewe amekosa kuku wa kufuga. Kwenye foleni ya maji wanawake wakaanza kukaa mbali naye.  Usiku nikiwa nimelala, mke wangu alichukua dawa ya unga ya kuua wadudu, ile tunayonyunyizia kitanda, akaipaka koti langu la kazi ndani na nje mpaka kwenye mikono.

Asubuhi nikavaa, nikatumbukiza mikono kwenye matangi kama kawaida. Kufika saa nane mchana wote walikuwa wamelala chini, hata mmoja haruki.

Daktari alinusa koti langu. "Hii ni nini?"

"Ni mke wangu, Daktari. Alisikia viroboto."

Hakucheka. Akasema habari ya kuandikwa tuisahau. Nikamwomba wiki moja.

Sababu nilikuwa na akiba. Maisha yakiwa magumu ndani ya tangi, wadudu hawa hutaga mayai meusi, madogo kuliko mbegu ya sukuma wiki. Wafagiaji wenzangu waliyasugua wakidhani ni taka. Mimi nilikuwa nimeyaona yakitoka migongoni mwa viroboto wenyewe, kwa hiyo niliyakwangua, nikayakausha, nikayaweka kwenye bahasha. Sikuambiwa na mtu.

Nikaosha matangi mara saba, nikaazima koti, nikamwaga mayai kwenye maji mapya dirishani, penye mwanga. Siku ya kwanza kimya. Ya pili na ya tatu, kimya. Ya nne, nukta moja nyeupe ikaruka. Halafu nyingine.

Daktari aliinama juu ya kioo kwa muda mrefu.

"Nani alikufundisha kuweka mayai?"

"Hakuna. Nilijifundisha."

Aliandika barua ya kuniajiri siku hiyohiyo. Nyumbani mke wangu, aliyesoma kunizidi, alinisomea mara mbili. Cheo kilikuwa mtunza wanyama.

"Wanyama gani sasa, baba?" akauliza.

"Wewe waambie majirani hivyohivyo ilivyoandikwa," nikamwambia. "Wanyama."