Nilimwambia Mumbua Akose Kikapu

Makosa ni yangu. Wacha niseme hivyo mapema, kwa sababu nikianza kujitetea huwa najua sana. Jina langu sitaandika. Hapa mtaani Jericho hata ukipiga chafya ndani ya nyumba, jirani anakwambia pole kupitia dirishani.

Mimi ni kapteni wa timu ya basketboli ya wasichana, ligi kuu. Usisikie ligi kuu ukadhani ni maisha mazuri! Wenye maisha ni zile timu za kampuni, wachezaji wao wameajiriwa. Sisi ni timu ya mtaa. Wiki nzima ni vibarua, jioni mazoezi, wikendi mechi. Lakini ukicheza vizuri sana, kampuni inakuona, inakuchukua, inakupa jezi pamoja na kazi. Sisi wote tunacheza tukingoja hiyo siku, tusidanganyane.

Aliyekuwa karibu nayo kuliko sisi wote ni Mumbua, senta wetu. Ni msichana mrefu, mpole, anaishi Umoja na mama yake. Kila asubuhi husimama kwenye geti la kiwanda kule Industrial Area akingoja kuitwa kibarua. Siku zingine anaitwa, siku zingine anarudi nyumbani vile alivyokuja. Lakini mpe mpira chini ya kikapu, woi! Hakuna wa kumzuia.

Wiki ya mwisho ya ligi alifika mazoezini akicheka peke yake.

"Kapteni, kuna kocha wa timu ya kampuni anakuja Jumapili kuniangalia. Wanatafuta senta mmoja tu."

Nilimkumbatia. Nilifurahi, haki ya Mungu nilifurahi.

Sasa sikia vile niliharibu.

Jumamosi tulishinda. Baada ya mechi tukaketi kwenye kibanda cha chai nyuma ya soko, kila mtu na simu yake, tukipiga hesabu za jedwali. Mchujo tulikuwa tumeshaingia, kilichobaki ni nafasi. Tukishinda Jumapili tunamaliza wa tatu, na wa tatu hukutana na wa sita. Na huyo wa sita ndiye tuliyekuwa tunamwogopa! Timu moja ya wasichana wagumu, msimu mzima walitupiga tu. Tukishindwa tunamaliza wa nne, tunakutana na wa tano, timu laini.

Kocha wetu alikuwa ameenda kwao magharibi kwa matanga, timu akaniachia mimi. Nikajiona mjanja. Nikawaambia wasichana, "Kesho tunapoteza. Polepole, watu wasishtuke."

Wengine wakacheka. Mumbua akaweka kikombe chini.

"Na yule kocha wangu je?"

Wakaniangalia wote. Hapo ndipo maneno yalinitoka.

"Usijali. Nimeongea na yeye kwa simu. Atakuja kukuona kwenye mchujo."

Jamani! Namba ya huyo mtu sikuwa nayo. Hata jina lake nilikuwa silijui.

"Umempigia wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Aki Kapteni, asante," akasema, akanisongezea mandazi yake. Nikayala.

Jumapili yule kocha alikuja, kofia ya bluu, akaketi kwenye ngazi za simiti. Tulikuwa tunacheza na timu ya mwisho kabisa kwenye jedwali, wasichana ambao Mumbua angewamaliza peke yake. Mwanzoni tu akapata mpira chini ya kikapu, hana mtu karibu. Akaniangalia. Nikatingisha kichwa. Akaugonga ubaoni kwa nguvu, ukarudi.

Ilikuwa hivyo mechi nzima. Anapata, ananiangalia, natingisha kichwa, anakosa. Mimi ndiye niliyekuwa nampa pasi, na mimi ndiye niliyekuwa namkataza. Kabla ya robo ya mwisho mwanamume wa kofia ya bluu akasimama, akapangusa suruali, akaenda zake. Mumbua akamfuata kwa macho, kisha akanionyesha dole gumba. Alidhani mimi na huyo kocha tumepanga.

Tukashindwa vile tulivyotaka. Tulikuwa bado tunavua viatu tukasikia matokeo ya uwanja mwingine. Ile timu tuliyokuwa tunaikimbia ilikuwa imefunga timu ambayo hakuna aliyedhani ingefungwa, ikapanda nafasi moja. Wa tano! Sasa tungekutana nao kwa sababu tulikuwa tumepoteza. Mmoja wetu alicheka kidogo, akarudi kwa viatu vyake.

Kwenye mchujo walitupiga kama watoto. Mumbua alicheza kwa moyo wake wote, lakini kila mpira ukitoka nje aliangalia zile ngazi.

"Labda ameshikwa na jam barabarani," akaniambia wakati wa mapumziko.

"Labda," nikasema.

Baadaye tukasikia kampuni imechukua senta wa timu nyingine. Nilienda Umoja kumpa pole. Mama yake alinipikia chai, akaniuliza, "Ngai, si mlisema huyo mtu atarudi?" Mumbua akanitetea! Akasema, "Mama, Kapteni alijaribu, hata alimpigia simu." Nikamaliza chai yangu nikaenda.

Mnangoja niseme nililia. Sikulia. Nilifua jezi, nikaanika, nikala ugali, nikalala. Mpaka leo nikijitafuta ndani sipati kitu, ni kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi. Naenda kazini, narudi. Nikipita karibu na viwanda asubuhi naangalia upande mwingine, kwa sababu na urefu ule wa Mumbua, hata kwenye umati wa watu getini utamwona tu.

Wewe unayeongoza wenzako, timu, kikundi, chama, chochote, nisikie. Mtu akikupa siku yake moja, usiichezee kwa hesabu zako za ujanja. Na kama umeshamdanganya, mwambie ukweli siku hiyohiyo, akutukane, akupige ikibidi. Usingoje. Ukingoja atakushukuru, na hizo shukrani hutajua pa kuziweka.

Nasema hivyo, na mimi mwenyewe je? Jana Mumbua alinitumia ujumbe.

"Kapteni niaje. Msimu ukianza, utampigia tena yule kocha wangu? Mwambie siku hizi niko poa zaidi."

Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni. Nikaandika, "Sawa, nitampigia." Nikatuma.