Sumu Kwenye Ngoro

Nilipopewa kazi ya Bibi Afya pale Mbinga mjini nilijiona nimefika. Nilikuwa na baiskeli ya ofisi, mhuri, na daftari la vibali. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, na dawa za kahawa, ambazo zamani tulizipata kwa chama cha ushirika tu, sasa ziliuzwa na kila mwenye duka na kufuli. Halmashauri ikatunga sheria ndogo: mfanyabiashara asihifadhi dawa za mimea bila kibali, na zilizoharibika asizitupe wala kuzifukia mpaka mkaguzi aandike kwamba mahali panafaa. Mkaguzi nilikuwa mimi.

Kabla sijasimulia nilivyoshinda, niseme kwanza nilivyoharibu.

Mfanyabiashara mmoja alikodi ghala kuukuu njia ya kwenda Mkumbi ili aweke kahawa. Ndani alikuta madumu ya dawa ya kunyunyizia mibuni, imekwisha muda wake, mengine yameanza kuvuja na kutoa harufu ya kukwaruza koo. Hakuwa mtu mbaya. Mwingine angeyatupa mtoni akanyamaza, lakini yeye alikuja ofisini, akavua kofia, akasema amepata mahali pa kuyafukia. Ana shamba mlimani, limelala miaka miwili, limejaa ngoro za zamani.

Kwetu Umatengoni mlima haulimwi kwa matuta. Tunachimba ngoro, mashimo ya mraba yaliyopangana mteremko mzima, kila moja na kingo zake nne. Mvua ikinyesha, maji hutulia mle badala ya kuporomoka na udongo. Mgeni akiiona milima tunayolima huuliza kama tunajifunga kamba, nasi hufurahi sana kuulizwa.

“Ngoro haipotezi kitu, Bibi Afya,” aliniambia. “Hata udongo haushuki. Nitakachoweka mle kitakaa mlemle.”

Nikamwona ana akili. Nimekula maharage ya ngoro tangu nianze kutafuna, na kusifiwa ngoro ni kama kusifiwa mimi. Jua lilikuwa kali, baiskeli ilikuwa na pancha, na mlima ule una pande mbili. Sikuuliza shamba liko upande upi. Nikaandika “Mahali panafaa,” nikasaini, nikagonga mhuri. Nakumbuka hata niliupuliza wino ukauke.

Jumapili baada ya misa nilikwenda nyumbani kumwona mama. Nilimkuta uani anapepeta maharage.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kuna vibarua wamefukia madumu kule juu ya chemchemi. Nilipowauliza wakasema wana karatasi yako.”

Chemchemi ile ndiyo inayonywesha kijiji chetu chote. Hata hivyo nikamweleza kisomi kwamba madumu yako ndani ya ngoro, na ngoro haipotezi kitu.

“Hayo ni maneno ya mwanaume,” mama alisema, bila kuacha ungo. “Mwanaume anafyeka majani, anayalaza miraba miraba, anakwenda zake. Anayechimba ni nani?”

“Sisi.”

“Na shimo lililojaa maji jana, leo asubuhi unalikutaje?”

Jibu nilikuwa nalijua. Nimechimba ngoro nyuma ya mama huyohuyo tangu jembe lilipokuwa likinizidi urefu. Asubuhi baada ya mvua kubwa unakuta shimo tupu, tope laini chini, na maji hayakushuka mteremko. Yamezama. Ndiyo kazi yake. Ngoro hushika udongo, lakini maji huyanywa, na maji hayo ndiyo yanayotokea chini kwenye chemchemi tunayojivunia kwamba haikauki hata Oktoba. Nilikuwa nimeyajua haya kwa mgongo na mikono yangu, kisha nikaenda ofisini nikayasahau.

“Mvua ikianza,” mama alisema, “tutakunywa saini yako.”

Sijawahi kuona aibu kama ile. Wingu lilikuwa limeshaanza kujikusanya upande wa Ziwa Nyasa, na wakulima walikuwa wanachagua mbegu za mahindi.

Jumatatu nilimwambia mkuu wangu wa idara kwamba nimekosea. Akanitazama kwa huruma. Alisema kibali kilichogongwa mhuri hakifutwi mezani kwake, kinafutwa na kamati ya madiwani, nayo inakutana Alhamisi. “Utasimama mbele yao useme ulisaini bila kufika?” Nikamwambia nitasimama.

Alhamisi nikasimama. Nilieleza yote, pamoja na pancha. Mfanyabiashara naye aliitwa, akarudia maneno yake kwamba ngoro haipotezi kitu, na nikaona vichwa vya waheshimiwa vinatikisika kukubali. Karibu wote walikuwa Wamatengo, wanaume watupu.

“Bibi Afya,” alisema mmoja, “ngoro zimeishika milima hii tangu enzi za mababu. Leo ndiyo zimekuwa mbovu?”

Wakacheka. Hasira zilinipanda mpaka masikioni, maana na mimi nilikuwa nimesema hivyohivyo Jumapili tu iliyopita.

Ndipo diwani wa pwani ya Nyasa akanyoosha mkono. Alikuwa mtu mzima mpole, ameshuka kwenye lori asubuhi ile kutoka Mbamba Bay, na chini ya kiti chake kulikuwa na kifurushi cha usipa, vidagaa vya ziwa letu, kilichonukia chumba kizima.

“Mimi kwetu tunavua na kulima mihogo mchangani, ngoro siijui,” alisema. “Naomba kueleweshwa. Hilo shimo likijaa maji, kesho yake maji yanakuwa wapi?”

Waheshimiwa wakatazamana. Mmoja alianza kueleza habari za kingo, akaishia njiani. Walikuwa wamelaza majani maisha yao yote, na hakuna aliyewahi kurudi kutazama chini ya shimo.

“Mheshimiwa Mwenyekiti,” nikasema, “tumuulize aliyewahi kuchimba.”

Humo ndani kulikuwa na mwanamke mwingine mmoja tu, mama mmoja mwenyeji wa Mapera aliyekuwa anazungusha birika la chai. Mwenyekiti akamgeukia.

“Yanazama, mheshimiwa,” mama yule alisema, huku anammiminia. “Ndiyo maana chemchemi za mabondeni hazikauki.”

Kibali kilifutwa kabla chai haijapoa. Madumu yafukuliwe kabla ya mvua, kwa gharama ya mwenye mali. Yawekwe kwenye stoo ya sakafu ya saruji mpaka wataalamu wa mkoa waje kuyachukua. Na kwenye sheria ndogo ikaongezwa kwamba mkaguzi asisaini mahali ambapo hajafika kwa miguu yake. Hicho kipengele ni changu. Nimekipata kwa aibu, na ninajivunia mpaka leo.

Mfanyabiashara alinisubiri mlangoni. Nilidhani atanitukana. “Na mimi nilikuwa nalaza majani tu,” alisema, akavaa kofia. Kesho yake tulikuwa naye mlimani, tumevaa mabuti na glavu, vitambaa puani. Tulifukua siku tatu. Madumu mabovu yalikuwa yamevuja, tukachota udongo wa hapo kwenye mapipa yenye mifuniko mpaka harufu ikaisha, kisha tukachota tena. Yalipotoka yote kumi na tisa nilikaa juu ya ukingo wa ngoro, nikalia kwa furaha mbele ya vibarua, wala sikujali.

Mvua ilianza siku ya pili yake. Tukapeleka maji ya chemchemi mkoani yakapimwa mara mbili, mara zote yakarudi safi. Nikachukua karatasi ya majibu, nikaenda nayo nyumbani, nimeikunja vizuri mfukoni ili nimsomee mama.

Hakuitaka. Alinipeleka mpaka chemchemini, akachota maji kwa kata, akanipa.

“Anza wewe.”

Nilikunywa yote. Yalikuwa baridi kama siku zote. Mama alinitazama mpaka nikamaliza, akaipokea kata, akachota tena, akanywa naye. Kisha akafuta mdomo kwa ncha ya khanga.

“Sasa saini,” alisema.

Nikatoa kalamu, nikaiweka ile karatasi juu ya goti langu, nikasaini palepale.