Sijaona aliyeweka panga chini, mpaka wa mlima ukasogea

Saa moja kasoro robo asubuhi, Sijaona Njiku anachuchumaa mbele ya bikoni namba kumi na nne, nguzo fupi ya saruji inayoonyesha mpaka, na kukwangua matope ya mvua ya juzi kwa ncha ya panga. Anapaka chokaa, anarudi nyuma hatua tatu, anaitazama. Haridhiki. Anapaka tena.

"Isipoonekana vizuri, mwenye ng'ombe atasema hakuiona," anasema huku akijifuta mikono kwenye kanga. "Nami nitamjibu nini?"

Sijaona, mwenye umri wa miaka 51, ni kibarua wa kutunza mpaka wa Mlima Ighombo, mlima wa mawe ulio mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Issuna, wilayani Ikungi. Kilomita saba za mpaka huo anazizunguka zote. Anafyeka mkuza, yaani ile njia nyembamba inayotoka bikoni moja hadi nyingine, na kuhakikisha hakuna aliyeng'oa kitu. Analipwa Sh10,000 kwa siku, siku nane kwa mwezi. Siku nyingine anafinyanga vyungu vya kupikia mlenda na kuviuza kwenye mnada wa Ihanja.

"Vyungu ndivyo vilivyosomesha watoto wangu watatu," anasema. "Hiki kibarua ni chumvi tu."

Mwaka juzi mlima huo ulipimwa ili uwe eneo la utamaduni. Humo mna pango la tambiko la mvua na makaburi ya wazee wa zamani. Wazee na wanakijiji walikubaliana hivi: ndani ya mpaka hakuna kulima wala kupasua mawe. Nje ya mpaka, upande wa magharibi, kijiji kilikwisha kutenga mahali pa machimbo ya kokoto. Kwa hiyo mstari ukikosewa kidogo tu, kuna mtu analia.

Nusura aliyelia awe Sijaona.

Siku ya kupima, aliyeongoza njia alikuwa Mzee Amosi, mwenyekiti wa wazee wa mlima, mwenye umri wa miaka 78. Ni baba mkwe wa Sijaona. Nyuma yake alikuja mpima, Peniel, na chombo chake cha miguu mitatu, kisha vibarua watano wa kufyeka. Sijaona alikuwa mwanamke pekee. Aliingia badala ya mumewe, Gasto, aliyekuwa ameumia mgongo.

Walikwenda vizuri siku mbili. Siku ya tatu, upande wa magharibi, walifika kwenye mninga mkubwa. Mzee Amosi akageuka, akashika njia ya kurudi mlimani, akasema mpaka unapita hapo.

Sijaona akatazama bondeni. Ng'ambo ya ule mninga, hatua kama mia moja bondeni, ndipo wanawake wa vijiji vinne huchimba udongo wa kufinyangia. Mzee alikuwa ameuacha nje, kwenye eneo la kokoto.

Ajabu ni kwamba mzee hakuwa na nia mbaya hata chembe. Mila ya pale inamkataza mwanamume kukanyaga udongoni. Akikanyaga, vyungu hupasuka motoni. Tangu utotoni, wanaume wote wa kule hufika kwenye mninga na kugeuka. Basi mzee akageuka alipozoea kugeukia, na mpima akaandika.

"Ningesema nini?" anauliza Sijaona. "Baba mkwe yuko mbele yangu, nimwambie amekosea? Mbele ya vijana? Hata! Bora ardhi inimeze."

Aliweka panga chini, akakaa juu ya jiwe.

"Mama, umechoka?" Peniel akamuuliza.

"Sijachoka."

"Sasa?"

"Mkono umekataa."

Vibarua wenzake wakacheka sana. Mmoja akasema mama amemkumbuka mgonjwa wake. Sijaona hakulishika tena panga siku ile. Alikatwa ujira wa nusu siku.

Jioni alikwenda jikoni kwa mama mkwe wake, Scholastika, ambaye naye alifinyanga mpaka vidole vilipokataa. Akamweleza. Bibi huyo alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akakasirika kwelikweli.

"Nilimwambia mkwe wangu, mwanamume wa nyumba hii amejua lini udongo unatoka wapi? Kazi yake kula mlenda!" anasimulia Scholastika, na hasira bado anayo. "Nikamwambia, wewe nenda kalale. Huyu niachie mimi."

Alichomwambia mumewe usiku ule, bibi hasemi. Anasema tu kwamba hawakusemezana hadi chai.

Asubuhi, watu walipokusanyika kwenye mninga, Mzee Amosi alivua kofia. Peniel, aliyezungumza na mwandishi wa makala haya kwa simu, anasema hajawahi kuona jambo kama lile katika miaka yake tisa ya kupima mashamba na viwanja.

"Mzee alisema, 'Wanangu, jana niliwapoteza. Nilidhani mlima unaishia hapa. Kumbe sisi wanaume ndio tunaishia hapa, mlima unaendelea.' Nimepima mipaka mingi, lakini mwenye kuongoza njia kukiri kosa mbele ya vibarua, sijapata kuona."

Ikabaki shida nyingine: nani atapeleka vipimo udongoni? Peniel ni mwanamume, na vibarua waliobaki wote wanaume. Ndipo Scholastika akatuma habari, wakaja wanawake sita na majembe. Peniel alisimama mningani na chombo chake, Sijaona akashuka bondeni na fimbo yenye kioo, ambayo chombo hicho hukilenga ili kupata kipimo. Mpima akawa anapiga kelele kutoka juu: "Kushoto, mama! Kidogo tu! Simama hapo!" Bikoni nne za upande ule, kuanzia namba kumi na tano hadi kumi na nane, zilichimbiwa na kujengewa saruji na wanawake peke yao. Machimbo ya kokoto yakahamishiwa kwingine.

Mwandishi alipoomba kuziona, aliambiwa asubiri kwenye mninga, akasubiri kama mtoto aliyefukuzwa jikoni. Kutoka bondeni alisikia vicheko tu.

Sijaona anaporudi na ndoo ya udongo kichwani, uso umemng'aa. Anasema mwaka huu, baada ya mavuno, anataka kuwafundisha wasichana kumi wa kijijini kufinyanga, pamoja na binti yake wa mwisho, Catherine. Udongo upo, na hakuna lori litakalokuja kuuzoa.

"Namshukuru Mungu, nakushukuru hata wewe uliyetembea mpaka huku," anasema. "Mama mkwe nimekwisha kumshukuru, nilimpelekea kuku. Ila kuna mmoja bado."

Anatua ndoo. Ni miaka miwili sasa, na kila asubuhi anapiga goti kwa Mzee Amosi na kusema shikamoo. Mzee anaitikia marahaba, kila mtu anashika njia yake. Kukaa na baba mkwe na kumwambia la moyoni, mdomo hauthubutu.

"Wazee wangapi wangekubali kufa na kosa lao, kuliko kulisema mbele ya mkwe wa kike?" anasema. Anajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Baba hapitwi na gazeti, hata likiwa la juzi. Niandikie humo."

Aandikiwe nini?

"Andika: Baba, shikamoo. Ni mimi Sijaona. Ahsante."