Kichupa cha Mwisho cha Mama Glavu

Mama Glavu hakupewa jina hilo kwa heshima, tusidanganyane. Ukigusa hata mpini wa friza yake kwa mkono mtupu, ulikuwa unaoga maneno. "Jasho la vidole vyako lina kimeng'enya kinachotafuna mali yangu," alikuwa anasema. "Ukitaka kushika, vaa."

Na hakuwa anatia chumvi. Mali yake ilikuwa RNA mbebaji, vimolekuli vinavyofanya ukuli ndani ya seli: kila kimoja kinabeba tofali lake la protini hadi panapojengwa. Miaka ishirini na sita profesa wa watu alikuwa amemng'ang'ania mpakiaji wa hao makuli, kimeng'enya kingine, kimoja tu. Wengine hufuga paka.

Alidai kwamba mpakiaji huyo akikosea mzigo, anaushusha mwenyewe. Wakubwa wa jarida la sayansi alikopeleka andiko lake wakamwambia: rudia jaribio, tuone. Kilikuwa kimebaki kichupa kimoja cha RNA, alichokikamua kutoka mapipa ya hamira kwa miezi minane. Na Ijumaa anastaafu, chumba anapewa mwingine.

Jumatano asubuhi akavaa glavu, akakifungua. Simu ikatetemeka mfukoni. Dada yake.

"Mdogo wangu, vile vidonge vyekundu vya mama ni kabla ya kula au baada?"

"Baada, dada. Niko kazini."

"Wewe na kazi. Mama siku hizi anakuita yule wa kwenye simu."

Akairudisha simu mfukoni, akaendelea na kichupa chake.

Mchana jeli ya kupimia RNA ikatoka. Badala ya mstari mmoja mwembamba wa RNA nzima, kulikuwa na ukungu umeteleza hadi chini. RNA yote ilikuwa imetafunwa. Fundi wa maabara, mzee wa utani aliyekaa naye miaka yote hiyo, aliitazama, akakosa utani. Halafu ukamtoka mmoja, bahati mbaya:

"Profesa, na simu nayo ilikuwa imevaa glavu?"

Mama Glavu aliitoa simu, akaiinamisha kwenye mwanga. Kioo kizima kilikuwa alama za vidole, vyake mwenyewe, vya siku zote anapoishika mikono mitupu.

Akakaa. Miaka tisa nyuma kichupa kama hicho kiliharibika vilevile. Alikifungua yeye, akamkabidhi mwanafunzi wake, binti waliyemwita Pengo kwa ajili ya meno yake. Pengo akafukuzwa kwa mikono michafu, na barua ya Mama Glavu iliyomfuata ikamfungia kila maabara. Siku ile pia dada alipiga simu. Baba alikuwa amelazwa.

Alivua glavu, akaitafuta namba ya Pengo.

"Nani mwenzangu?" Nyuma ya sauti kulikuwa na watoto wanaimba jedwali la saba.

"Ni mimi. Profesa wako."

"Sina profesa."

"Kile kichupa, mwanangu. Nilikiharibu mimi. Nilishika simu na glavu zilezile."

"Najua. Nilikuona."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema. Ukaniambia nikanawe kwanza mikono ndipo nije kuongea na wewe." Watoto walifika saba mara tisa, wakakosea. "Samahani, nina darasa."

Simu ikakatwa. Fundi alikuwa amesimama kando ya friza, mkono kwenye plagi.

"Niichomoe leo, au tusubiri Ijumaa?"

"Chomoa."

Aliichomoa. Mama Glavu akaweka kiganja kitupu juu ya mlango wa friza, akakiacha hapo mpaka mngurumo ukaisha.