Fundi Aliyeonea Wivu Benchi

Hezekiah Kingori hakuwahi kumshuku mke wake kwa mwanamume yeyote, na mtu asimsingizie. Wivu wake ulikuwa wa aina nyingine, na ulimtafuna vibaya zaidi kwa sababu hakuwa na mtu wa kupigana naye. Alionea wivu hadithi.

Alikuwa seremala wa vitanda na majeneza. Karakana yake ya mbao ilishikana na jikoni kwa mkewe Murugi pale Ruring'u, kando ya njia ya watu wa miguu wanaopanda kwenda Nyeri mjini. Ulikuwa mwaka wa sita tangu Uhuru, na njia ilijaa watu: wenye wagonjwa wa kutazama, wenye kesi za mashamba, wenye kuku wa kuuza. Murugi alikuwa amemwomba benchi la kuweka nje, karibu na ua. Naye, mjinga wa watu, akamchongea zuri la mbao ya mtarakwa. Angejua yatakayomfika, angelilemaza mguu siku hiyo hiyo.

Kila aliyeketi pale alipewa kitu. Kikombe cha chai, kiazi kitamu cha moto, siku nyingine uji tu. Murugi alilelewa na mama aliyeshikilia kwamba mgeni haulizwi habari kabla hajala, na yeye hakuwauliza hata baada ya kula. Alichambua maharagwe yake akanyamaza. Na binadamu ni kiumbe wa ajabu: akishashiba na asione anayemhoji, husema mwenyewe.

Alipita mama mmoja wa Mweiga, mjane, ambaye ng'ombe wake alizoea kukamuliwa na marehemu mumewe. Mzee alipozikwa, ng'ombe akazuia maziwa. Mama akabembeleza, akaimba, akatukana, wapi. Mwishowe akavaa koti la marehemu, akaingia zizini akikohoa kama yeye, na ndoo ikajaa. Alikikohoa hicho kikohozi pale bencheni, kavu, mara tatu, na Murugi akacheka mpaka maharagwe yakamwagika.

Upande wa pili wa ukuta Hezekiah alisimama na randa mkononi, kazi imelala. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, alijiambia, na mimi sijamchekesha hivyo hata mara moja. Mtu wa njia amelipia kiazi kimoja kwa kicheko ambacho mwenye nyumba hakijui.

Basi akaamua kushindana. Jioni, wakila irio, alikohoa kidogo akaanza. "Kuna mteja wangu mmoja, mama hivi. Ati ng'ombe yake ilikataa kukamuliwa..."

Murugi alimsikiliza kwa heshima zote mpaka akafika kwenye koti. "Huyo ni yule mama wa Mweiga, Baba Wachuka," akasema. "Kumbe wewe husikia?"

Hezekiah akameza irio bila kutafuna. Kesho yake aliliondoa benchi, akasema lina mguu uliolegea. Mchana akachungulia kwenye ufa wa mbao na kuona nini? Wanaume wawili wa Kerugoya wameketi kwenye nyasi, na Murugi, kwa kuwaonea huruma, amewapa viazi vikubwa zaidi. Benchi likarudi jioni hiyo, mguu wake ukiwa mzima kama siku zote. Mwenye wivu hana adabu, lakini huyu angalau alikuwa na aibu.

Kisha akaja Mwiti.

Alikuwa Mmeru wa makamo, amekuja kumwona ndugu yake aliyelazwa hospitali. Alikunywa chai vikombe viwili, halafu akaanza kusema juu ya kambi ya kizuizini alikofungiwa wakati wa Emajensi ya wakoloni. Hakupandisha sauti. Alisema jinsi walivyobeba mawe kutoka hapa hadi pale asubuhi, na jioni wakayarudisha pale pale. Alisema usiku walilala wamegeukia upande mmoja wote, na mmoja akitaka kugeuka, safu nzima ilibidi igeuke.

"Mpaka leo, mama," akasema, "bibi yangu anashangaa kwa nini mimi hulala kwa ukingo wa kitanda. Iko nafasi, lakini mwili imekataa."

Hezekiah akasikia mke wake analia. Hakulia kwa adabu, alilia kwa kwikwi, kama mtu aliyefiwa. Na hapo wivu ukampanda hadi kwenye macho. Yeye mwenyewe alikaa miaka minne kizuizini. Yeye mwenyewe alilala ukingoni kila usiku, na mwanamke huyu hajamlilia chozi moja, ila leo anamlilia mtu wa Meru ambaye hata hajui anaitwa nani! Akatoka na randa mkononi, maranda ya mbao yamejaa kichwani.

"Unamlilia huyu?" akafoka. "Na mimi nilikuwa wapi, Murugi? Nilikuwa kwa harusi?"

Mwiti alimtazama, akaitazama ile randa, na akaelewa kuliko alivyoambiwa. Akainuka. "Pole, ndugu," akasema. Akamshukuru mama kwa chai na kwenda zake polepole.

Murugi alijifuta uso kwa leso. Hezekiah alitegemea ugomvi, na aliutamani. Haukuja.

"Ulirudi mwaka wa sitini," Murugi akasema. "Nikakupikia, nikangoja ushibe. Nikangoja wiki. Halafu nikakuuliza mara moja tu, ukaniambia yaliyopita si ndwele. Nikanyamaza, Baba Wachuka. Miaka tisa nimenyamaza."

"Na huyu ulimuuliza?"

"Sijauliza mtu. Hawa wote nawapa chakula kwa sababu wako na njaa. Lakini mwanamume wa rika yako akikaa hapo, roho yangu husimama. Najiambia, pengine huyu alikuwa huko. Pengine atasema kitu, na mimi nijue kidogo penye bwana yangu alikuwa. Saa hii ndio nimejua kwa nini unalala ukingo. Nimeambiwa na mtu wa njia."

Wivu ulikuwa bado umo kifuani mwa Hezekiah, lakini sasa aliuona uso wake wazi: alikuwa akiwaonea watu wivu kwa kiti ambacho kilikuwa chake, na hakuna aliyemzuia kukikalia ila yeye. Akaweka randa chini, akaketi. Murugi akamletea chai na kiazi. Hakumuuliza kitu. Alichukua ungo wa maharagwe na kuanza kuchambua.

Hezekiah alikula kiazi chote, na maganda pia. "Walitushika tukivuna mahindi," akasema hatimaye. "Lori ilikuwa na matope. Kijana mmoja akaniuliza kama niko na chumvi..."

Akaendelea hivyo, kwa kukwama na kurudi nyuma, hadi jua likaanza kuinama. Ndipo mzee mmoja mwenye kuku wawili akasimama uani akauliza kama kuna maji ya kunywa. Murugi aliinuka kama kawaida yake.

"Mpe na chai," Hezekiah akasema, bila kusogea hata inchi moja kwenye benchi. "Na kiazi. Lakini akalie nyasi, Mama Wachuka, na anyamaze. Mimi bado sijashuka kwa lori."