Ndama Mabegani

Papa yangu alitaka tupite barabara kubwa. Nikakataa, nikasema tufuate kijito, maana barabarani watu wangeuona mdomo wangu. Meno mawili ya mbele bwana yangu aliyavunja kwa ngumi, kule Bukavu nilikokaa naye, sababu bugali ilikuwa baridi. Sasa tulikuwa tunarudisha ng'ombe wake wa mahari. Kwetu ni hivyo: watu wa kwa bwana wakimpokea ng'ombe na kumkamua, basi, mwanamke ameachwa huru. Wakimkataa ng'ombe, mwanamke bado ni bibi yao na watakuja kumchukua.

Kijito hicho cha nyuma ya Mudaka kinajikunjakunja malishoni, unakivuka, unakivuka tena. Papa alivuta kamba mbele, mimi nikafuata na ndama aliyezaliwa wiki ile, maana naye ni mali yao. Kila tulipovuka hasira ilinipanda. Nilitamani wafe wote, nasema ukweli.

Kwenye kivuko cha mwisho walikuwa wanatungoja: bwana yangu na kaka zake wakubwa wawili, na fimbo.

"Rudisha ngombe yako, muzee," bwana yangu alisema. "Huyu iko bibi yangu."

Papa aliingia majini. Wakampiga ng'ombe usoni, akarudi nyuma. Papa akavuta, wakampiga ng'ombe tena mpaka pua ikatoka damu. Kisha fimbo ikamshukia Papa kichwani. Alipiga magoti ndani ya maji, kamba ikamtoka.

Hapo sikufikiri tena. Nilibeba ndama mabegani nikavuka. Mmoja alinipiga mkono, mwingine mgongo. Watu hawa walinizoeza wenyewe kupigwa, sasa walitaka nishangae? Nilitembea tu. Ndama akalia, na mama yake, yule aliyegoma kuvutwa, akawapita kwa pembe na kumwangusha mmoja matopeni.

Nilimtua ndama uani kwao, ng'ombe akiwa nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda tangu siku za ndoa yake. Hakuna aliyeniambia kwa nini, nami sikuhitaji kuuliza. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha kukamulia. Akamwacha ndama anyonye kidogo, kisha akachuchumaa na kuanza kukamua.

"Acha, maman!" bwana yangu alipiga kelele akiingia uani, fimbo juu. "Ukikamua, tumepokea!"

"Najua," alisema, bila kugeuka.

Alikamua mpaka kibuyu kikajaa. Nilirudi kijitoni kumwinua Papa.