Nyumba ya Mreno

Mie ni mdaku, sikatai. Tangu mjukuu wangu aliponionyesha kwamba kwenye simu unaweza kuandika mtaa na namba ya nyumba, ikakuletea jina la mwenyewe na thamani yake, au ukaandika jina la mtu ikakuletea nyumba yake, sufuria zangu zilianza kuungua.

Nilianza na jirani wa kushoto, yule ambaye mbwa wake hubweka kila nikipita na mtandio. Nyumba yake ilikuwa ya thamani ndogo kuliko nilivyodhani. Nikafurahi. Nikapanda na mtaa wetu hapa Troyeville, Johannesburg, mlango kwa mlango, kisha nikapandisha mpaka Observatory kwa wenye bustani na kuta ndefu. Nakaa barazani na ungo wa mchele, nachambua mchele, nachambua na watu. Shule niliishia darasa la nne na macho yamechoka, lakini majina na tarakimu nazisoma, na simu haikutaka zaidi ya hapo.

Ng'ambo ya barabara anakaa msusi mmoja Mkongomani, amepanga chumba cha nyuma. Alipojua kazi yangu mpya akavuka na kiti chake.

"Mama, tafuta ya ule patron wangu. Anasemaka yeye njo mwenye nyumba."

Nikatafuta. Jina halikuwa lake. Lilikuwa la mwanamke.

"Ya muke yake!" Akapiga kofi mpaka mbwa wa jirani akaamka. "Na vile anatupigiaka kelele! Kesho nitamuambia alete kwanza muke, ndiyo nifungue mulango."

Tulicheka siku ile mpaka mbavu zikauma. Mambo ya watu ni matamu ukiwa umekaa kwako.

Basi ikaja posa. Mjukuu wangu huyo huyo, niliyemlea tangu anatambaa, mtoto kasoma mpaka kavaa joho, nimeitundika picha yake pale mgeni anapoingia tu aione. Kazaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini kukisema anakisema kwa vipande, akichoka anamalizia Kiingereza. Kijana ni wa Kensington, mtaa wa jirani na wetu, kwao ni watu wa Unguja, na shangazi yake ndiye alikuwa analeta maneno. Watu wa Unguja nawajua. Wanakuja kwako wamefukiza udi, wanakaa kama wamekodi kiti.

"Weka anwani yao," nikamwambia mjukuu.

"Bibi, eish. Si vizuri."

"Vizuri nini? Sisi tulikuwa tunatuma mtu mpaka kijijini kwao akaulize ukoo wao una wazimu, una kifafa, wanapiga wanawake? Leo naulizia kwenye simu nikiwa nimekaa, weye unaniambia si vizuri. Weka, mke mwenzangu."

Hivyo ndivyo ninavyomtania, mke mwenzangu, maana babu yake alikuwa akisema huyu ndiye mke wake mdogo. Akacheka, akaandika. Jina la baba wa kijana likatokea. Thamani nzuri, si ya kutisha.

"Haya, sasa weka ya kwetu. Nataka nijue siku ya kukaa sebuleni ni nani ainue shingo."

Akaandika. Akatazama. Akafuta, akaandika tena polepole kama anayemfundisha mtoto.

"Bibi, huyu ni nani?"

Nikachukua simu. Lilikuwa jina la Mreno.

Mreno ndiye aliyetuuzia. Mzee mwenye duka la samaki hapo chini, mjane, miguu imemvimba, anataka kurudi kisiwani kwao akafie huko. Marehemu mume wangu alimlipa kidogo kidogo mpaka akamaliza. Siku ya kumaliza alikuja shehe wetu, wakaja mashahidi wawili, watu wazima wenye ndevu zao, wakaketi kwenye meza hii hii ya sebuleni kwangu. Shehe akaandika karatasi, wote wakatia saini, ikasomwa Fatiha. Mreno naye alifungua viganja kama sisi, kisha akajipiga ishara ya msalaba wake, tukasema amina. Tukanywa kahawa. Akakabidhi funguo. Alilia kidogo kwa ajili ya mzabibu wake ulioko uani, akamshika mume wangu mkono akamwambia asiukate. Hatujaukata.

Baba yangu alinunua shamba hivyo hivyo Tanga. Mjomba alinunua nyumba hivyo hivyo. Karatasi, mashahidi, dua. Sijaona mtu akiondolewa.

Na msiniambie ati sikuona jina kwenye bili. Niliona. Bili za maji na za taka zilikuja kwa jina la Mreno miaka yote, nami nikizilipa kwa wakati. Hazikunishtua hata kidogo. Kwetu nyumba huitwa kwa jina la aliyeijenga. Nyumba niliyozaliwa mtaa mzima uliiita nyumba ya Mhindi, na huyo Mhindi hakuna aliyemwona kwa macho, baba aliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Nikasema kumbe na Wazungu wa manispaa wana adabu hiyo, hawamsahau aliyeijenga.

Mjukuu akanipeleka kwa wakili. Msichana mdogo, kucha ndefu, sauti ya upole. Aliishika karatasi ya shehe kwa ncha za vidole, akaisoma mbele, akaigeuza akaitazama na nyuma, ambako hakuna kitu. Akasema Kiingereza kirefu.

"Anasema karatasi ni nzuri," mjukuu akanitafsiria, "lakini nyumba haikuhama."

"Haikuhama vipi? Mimi ndiye niliyehamia!"

"Kwenye ofisi ya hati, Bibi. Huko haikuhama. Bado ni ya yule mzee."

"Yule mzee kafa."

"Ndiyo. Kwa hiyo watafutwe watoto wake, wakubali, watie saini. Wakikataa ni mahakamani."

"Na mashahidi?"

Niliuliza tu kwa ubishi. Shehe tumeshamzika. Shahidi mmoja tumemzika. Wa pili alirudi Tanga, nikampigia, akafurahi sana kunisikia, akaniuliza hali ya mume wangu. Maiti ya mume wangu aliiosha yeye mwenyewe kwa mikono yake. Nikamwambia hajambo, nikakata simu.

Wakili akaandika barua kwa anwani ya zamani ya huko kisiwani. Haijajibiwa, wala haijarudi. Ningependa irudi, nijue walau kuna mlango imegonga.

Mjukuu alitaka tuwaambie watu wa Kensington kabla hawajaja. "Tuseme ukweli, Bibi, si aibu." Nikamwambia akithubutu nitamnyang'anya radhi. Ningesema nini? Kwamba miaka yote hii nimeringa kwenye baraza ya maiti?

Shangazi mtu akaja, buibui jeusi, udi unatangulia mlangoni. Nilikuwa nimepaka sakafu ya baraza rangi nyekundu, nimefua mapazia, nimepika kashata mwenyewe. Akaketi chini ya picha ya joho. Akainua macho darini, kwenye yale mabati ya zamani yenye maua.

"Mashallah, dada yangu. Dari kama hizi siku hizi hazipatikani."

"Ahsante."

"Mlinunua kwa nani?"

Nikamtazama machoni. Swali hilo nalijua. Mie mwenyewe ningeliuliza hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo laini, nikiwa jibu nimeshalisoma asubuhi.

"Kwa Mreno mmoja," nikasema.

"Aaa," akasema. "Mreno." Akachukua kashata, akaivunja katikati, nusu akairudisha kwenye sahani.

Mjukuu alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Akaja akaliweka mezani, akaanza kumimina kabla hajaombwa.

Shangazi hakusema neno lingine juu ya nyumba. Ningemshukuru kama angesema, ningegombana naye, ugomvi nauweza. Akahamia kwenye mahari. Mie nilikuwa nimejipanga wiki nzima. Nilikuwa na la kusema juu ya kitanda, juu ya dhahabu, juu ya mkaja wa mama mtu na kilemba cha mjomba, nilikuwa na vijembe viwili vya Kitanga vimenolewa tayari kwa ajili yake. Aliponiuliza, "Haya, bibi wa mtoto, mnasemaje?" mdomo wangu ukafunguka ukatoa hivi:

"Lolote mtakalosema ninyi."

Mjukuu akageuka kunitazama. Tangu azaliwe hajapata kunisikia nikisema hivyo kwa mtu.

Posa imekubaliwa. Nyumba za watu nimeacha kuzichungulia, naandika anwani moja tu. Jina ni lile lile. Juzi thamani imepanda, nikamwonyesha msusi.

"Si iko muzuri, mama? Imepanda!"

"Inampandia Mreno," nikamwambia. Hakucheka, akanisogezea kiti.

Yule mzee alikuwa na watoto, na watoto wake wana watoto. Huko kisiwani yupo mmoja wao, kijana labda, ana simu, hana kazi ya kufanya, ni mdaku kama mie. Siku moja atakumbuka babu yake aliwahi kuishi Johannesburg. Ataandika jina la babu. Utamtokea mtaa wetu, namba yetu, thamani. Mie sitamtokea, wala mume wangu, wala karatasi ya shehe. Nikifikiri hivyo nasimama, nakwenda uani, nafagia palipokwisha kufagiwa.

Harusi ni baada ya mfungo. Watu wa Kensington wameomba ifanyike hapa kwetu, uani, chini ya mzabibu, wanasema pana kivuli kizuri. Nimekubali. Ningekataa kwa kusema nini?